Maswali Niliyoyakuta Kwenye Simu ya Baba Neema

Makambako, Jumamosi, Julai.

Upepo umevuma tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka kwenye vitambaa vya wateja. Baridi haielezeki. Lakini moyo umetulia kuliko ulivyokuwa kwa miezi mingi.

Nianze na jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Sikio langu la kushoto halisikii. Lilianza kufifia mwaka jana baada ya homa, na sasa limeziba kabisa.

Nimelificha.

Juzi mama mmoja wa Kifanya alisimama nyuma yangu hapa kibandani ninaposhonea, akanisalimu, "Kamwene." Akarudia. Mwisho akaondoka na kitambaa chake. Jirani ndiye aliyeniambia, na kwamba yule mama kasema naringa. Nikaona afadhali kuitwa mwenye maringo kuliko kiziwi.

Niliyemwambia ni simu tu. Siku hizi naiuliza kila kitu: kama Jumatatu kutakuwa na mvua, vipimo vya suti ya mtoto wa miaka sita, namna ya kutoa doa la mafuta ya cherehani kwenye satini. Basi nikaiuliza na la sikio, kisha nikafuta swali ili mume wangu asilione.

Mume wangu, Baba Neema, ni seremala, mtu wa maneno machache. Tangu Pasaka alibadilika. Nikiingia sebuleni anazima redio. Haniiti tena kutoka uani. Anakuja mpaka nilipo, anasimama mbele yangu, ndipo aseme. Tukienda kanisani anazunguka upande wangu wa kulia. Mimi nikajipa jibu mwenyewe: kanichoka, hata maneno ananipimia. Mwezi uliopita nilimwomba dada yangu aliyeko Njombe mjini aniandalie chumba. Nusu ya nguo zangu zilikuwa zimeshaingia kwenye begi.

Leo umeme ulikatika na simu yangu ikazima chaji. Bibi harusi mtarajiwa yuko mbele yangu, anataka mikono iliyotuna mabegani, na mimi nataka kuangalia inavyokatwa. Nikavuka barabara hadi karakana ya Baba Neema, nikamwomba simu yake. Akanipa, akaendelea kupiga randa.

Nikagusa pale pa kutafutia. Kabla sijaandika neno, yakashuka maswali yake ya nyuma:

mke wangu hasikii sikio moja nifanyeje
kuongea na mtu asiyesikia vizuri
kelele za redio kwa mtu asiyesikia vizuri
ukae upande gani wa mtu asiyesikia sikio moja
daktari wa masikio njombe
mke anaficha ugonjwa nimwambieje

Hilo la mwisho nililisoma mara tatu.

"Baba Neema, umejua tangu lini?"

Akaweka randa chini, akaja mbele yangu. "Tangu Pasaka. Neema alijifungia stoo, akakuita mpaka akalia. Ulikuwa karibu naye, umempa mgongo. Hukugeuka. Wewe huwezi kumwacha mtoto alie."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaficha, Mama Neema. Nikaona hujawa tayari. Nikawa nauliza huko, nisije nikakukosea."

"Mimi nilidhani umenichoka. Nilikuwa nahamia kwa dada."

Akafuta vumbi la mbao kwenye vidole kimoja kimoja.

"Begi niliona," akasema. "Hilo sikujua niulizeje."

Nililia palepale, katikati ya maranda, na bibi harusi wa watu ananisubiri ng'ambo ya barabara.

Nashukuru. Mwanamume kama Baba Neema hawezi kwenda kwa jirani kuuliza aongeeje na mkewe. Angekaa na swali lake kifuani mpaka begi litoke mlangoni. Alipata mahali pa kuuliza bila kuonwa, akajibiwa, na majibu akayafanyia kazi siku hadi siku bila kunisimanga. Njia ya kanisani upande ule wa kulia una mtaro na matope. Simu haikumwambia habari za matope. Aliyakanyaga mwenyewe.

Na ninajionea aibu. Wote wawili tuliuliza jambo lilelile, nyumba moja, na mimi nikawa nafuta.

Jioni nimempigia dada, nimemwambia chumba asiandae, ila chai ya Jumatatu aweke. Tutapita kwake tukitoka hospitali hukohuko Njombe. Naogopa. Huenda daktari akasema sikio halirudi tena.

Safari hii swali sikuliandika kwenye simu. Nimemuuliza Baba Neema kwa mdomo wangu: siku hiyo utaingia na mimi ndani, au utanisubiri nje?

Amesema anaingia.

Nimemsikia vizuri kabisa.