Mwaka wa Kungoja Hodi

Marehemu Mchungaji Seth Wafula

Mwaka mzima umetimia, Baba, tangu ulipotuaga pale hospitalini Msambweni, na nyumba ya Kinondo bado haijauzoea ukimya.

Hukuwa mtu wa kunyamaza. Miaka ishirini na mitatu ulilea wanafunzi, kwanza katika ushirika wa Kikristo chuoni, kisha ukafundisha uchungaji seminarini. Ulisahihisha kwa kalamu ya kijani kwa sababu nyekundu, ulisema, inamtia mtu homa. Tena ulizoea kuwaleta nyumbani kwa chakula cha mchana bila kumwarifu Mama, ukipaza sauti ungali kwenye tuktuk: "Mama Gillian, ongeza maji kwenye mchuzi, tuko tisa!" Alikununia mpaka mlangoni, halafu akateleka sufuria kubwa.

Ulipofariki walikuja wote. Waliimba, wakalia, wakaosha vyombo, wakaenda zao. Baada ya hapo hakupiga hodi hata mmoja.

Mama hakulalamika. Sisi watoto tuko mbali, na kila tulipompigia simu alisema yu mzima. Ni jirani yake Twaiba aliyetuambia kwamba kila Jumapili Mama hupika wali wa watu wengi, huketi barazani hadi alasiri, kisha humpelekea yeye Twaiba sahani akisema, "Leo nimekosea kipimo." Alikuwa mpweke, Baba, mpweke kabisa, na aliona haya kusema.

Mwezi uliopita alianza kufunga mizigo arudi Bungoma. Twaiba alimsihi asiende. "Hapa nilijulikana kwa ajili ya Mwalimu," Mama alimjibu. "Mwalimu hayupo. Nani tena ana haja nami?"

Alikwenda sokoni Ukunda kununua kamba za kufungia masanduku, akakutana na Sidi, yule mwanafunzi wako ambaye sasa ni mchungaji huko Diani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmenitupa."

Sidi alishtuka, akaweka kikapu chini. "Hatukukutupa, Mama! Mwalimu alitufundisha kwamba mazishi yakiisha mfiwa asisumbuliwe, mchungaji angoje kuitwa. Mwaka huu wote twangoja. Kila tukikutana twaulizana, 'Mama ameita?'"

"Nami aliniusia nisiwaite," Mama akasema. "Alisema mna kazi zenu, nisiwe mzigo."

Walisimama pale katikati ya wauza nyanya, wakalia wote wawili. Mama alikuwa amekutii, na wao walikuwa wamekutii, na katikati yao mwaka ukapita bure.

Baba, tunakupenda, na tunalisema hili kwa heshima zote: somo hilo ulilikosea.

Mama ameahirisha safari mpaka Krismasi, aone kwanza. Masanduku bado yako ukumbini. Basi ninyi mliofundishwa na Baba, mlioko Diani, Chale na bara, mkisoma tangazo hili jueni mmeitwa. Mama amesema tuyaandike maneno yake kama alivyoyatamka: "Njooni. Nimechoka kula peke yangu."

Unakumbukwa na mkeo Veronicah, wanao Gillian na Mathew, ndugu zako wa Bungoma, na jirani yako Twaiba, ambaye hakungoja kuitwa.

Hatutakusahau maishani mwetu, Baba, hata pale ulipokosea.