Kimya Changu na Mnara

Kaole, Bagamoyo
Jumanne, 12 Novemba 2024

Mpendwa kaka Sharifu,

Shikamoo. Natumai karatasi hii inakukuta mzima huko Tunduma, na kwamba baridi ya huko haijamrudishia wifi Adila kifua chake. Dija wangu ameota tena meno ya mbele na kila siku anauliza mjomba anakuja lini. Mimi mwili hauna neno, ila roho imebanwa, wala sikufichi.

Usishangae kuletewa barua zama hizi. Simu ya marehemu mume wangu Ishaka aliichukua mdogo wake, shemeji Mikdad, wiki ya pili ya msiba, eti ana mambo ya kufuatilia. Namba yako imo humo na sikuwahi kuishika kichwani. Jirani yangu Chausiku anakwenda Chalinze kesho, atampa dereva wa lori la Tunduma anayemfahamu.

Huku unakuja mtandao mpya wa kasi, wanauita faivu-ji. Mjini wameshaupata, na vijana wa Kaole hawana habari nyingine. Unahitaji mnara, nami sina ugomvi na mnara. Ugomvi ni kwamba wanautaka uani kwangu, palipo jiko, na uzio wake utameza uwanja wote mpaka mlango wa nyuma. Mikdad ameshapanga: eda yangu ikiisha, mimi na Dija tukaishi kwa mama mkwe Kiwangwa tukalime mananasi, na nyumba aliyotuachia Ishaka wakae walinzi na jenereta lao.

Eda imebakiza siku thelathini na saba. Unanijua, nimejifungia kuliko hata nilivyotakiwa. Afisa wa kampuni amekuja mara mbili na Mikdad, akasimama barazani akaniuliza kupitia mlangoni kama nimeridhia. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikanyamaza, nikidhani ndiyo heshima ya mwenye eda, asimpe mwanamume wa kando sauti yake. Mara ya pili Mikdad akamwambia, "Kwetu mwanamke akinyamaza kakubali. Andika."

Kaka, nilikaa chini palepale nyuma ya mlango. Nilikukumbuka siku ya ndoa yangu, ulivyosimama nje ya chumba cha mama ukaniuliza mara tatu kama namtaka Ishaka, nami kimya, ukaenda kumwambia shehe nimekubali. Hukukosea. Lakini wewe ulikuwa unanijua.

Mwalimu Hafidha wa madrasa alipokuja kunitazama alinigombeza kweli. Kimya ni cha mwanamwali, alisema, mjane huulizwa mpaka aseme kwa ulimi wake, na hapo ni kwenye ndoa, sembuse kiwanja. Akaniuliza nani kaniambia mwenye eda ni bubu. Niliona haya. Miezi mitatu nimejifunga kamba kwa mkono wangu, na shemeji kazi yake ni kushika ncha tu.

Afisa hakuandika, ameona mashaka, anarudi Ijumaa baada ya swala kuniuliza mara ya mwisho mbele ya mashahidi. Mafundi wao hawakungoja, wameshamwaga kokoto na nondo uani, hata nguo sina pa kuanika. Najizoesha jikoni kusema "sitaki", na sauti inatoka ya mgonjwa. Jana Dija alinisikia akauliza, "Hutaki nini, mama?" Nikashindwa kumjibu hata mtoto. Naogopa, kaka. Naogopa Mikdad atakohoa tu pale barazani, nami ninyamaze tena.

Najua barua haitakufikia kabla ya Ijumaa. Ukiisoma nitakuwa nimeshasema, au nimeshanyamaza mara ya tatu. Kwa vyovyote, njoo.

Nisalimie wifi Adila na mwanangu Abdillah. Mama mdogo Mwaija anakusalimu, naye anakuombea kila swala. Mola akufungulie njia nyeupe mpaka hapa.

Ukifika, simama mlangoni uniulize wewe. Safari hii nitajibu.

Mdogo wako akupendaye, aliye nyuma ya mlango,
Mwanvita