Uvimbe Wangu wa Tarime

Mdogo wangu Marwa, wasalimie wote Mbalibali. Hapa Tarime mvua hainyamazi, na mimi bado ni mzima.

Kwa kile kikohozi nilipigwa picha ya kifua. Daktari wa mwaka wa kwanza, anayesomea kusoma eksrei, akaniambia kwa huruma nina uvimbe pafuni. Mwenzake wa mwaka wa tatu akanifunua shati.

"Bwana mdogo, hicho ni kivuli cha chuchu. Mwaka wa kwanza kila kivuli ni saratani, wa pili unaogopa kusema lolote, wa tatu ndio unamwangalia na mgonjwa."

Mimi niliyeishia la saba nilijua zamani kwamba nina chuchu.

Basi sifi. Mtamba wangu uliyekwisha kumwahidi mchumba wako, mrudishe zizini. Nawapenda, hata wewe.

Kaka yako, Mwita