Chemchemi ya Njia ya Kahawa

Jumatano. Mvua imeacha saa nne, jua limetoka kali. Nina hasira na sina nia ya kuituliza.

Naandika polepole, darasa la pili ndipo nilipoishia. Lakini mambo yangu nayaandika mwenyewe. Mimi Saidi, mwendesha baiskeli wa Busia, upande wa Uganda. Nilikuwa nabeba abiria kutoka forodha hii mpaka ile wakati hawa vijana wanaojidai leo walikuwa bado wananyonya. Na tangu wanajeshi washike nchi na sukari ipotee dukani, nabeba kahawa pia, kwenda Kenya, kwa njia ya vichakani huko Buhehe.

Nimeandika. Basi.

Njiani kuna chemchemi. Wabebaji wote tunapumzika hapo, tunakunywa, na haja tunamalizia vichakani juu yake kidogo. Maji matamu hayo, nayasifu kama niliyachimba mimi. Kila safari najaza jerikeni nampelekea Nabwire, mke wa mwanangu aliyekimbilia Kenya. Ana mimba ya miezi saba, na kisima chao kina tope.

Kwa desturi ya kwao Wasamia, baba mkwe hamkaribii mke wa mwanawe. Basi nakohoa, naweka jerikeni kando ya jiko, naondoka. Usoni simtazami.

Ndiyo maana sikuona macho yake.

Jana asubuhi jirani yake akaniita. Macho ya Nabwire yamekuwa njano, anatapika, hawezi kusimama. Ugonjwa huo umeshika wengi, hapa mpaka Lumino, na wajawazito ndio wanaozikwa.

Nikasema apande baiskeli, twende hospitali Tororo. Wanawake wakaziba midomo, wengine wakageuka. Nikawauliza nani mwingine hapo atamfikisha.

Nabwire akasema kwa sauti ndogo, "Baba, nitashika kiti tu. Sitakugusa."

"Shika mgongo, mwanangu. Ukianguka nitapata aibu mbili."

Akacheka kidogo, na ugonjwa wote ule. Akashika.

Hospitali wakampokea. Mimi nikaitwa kwa bwana afya, Owori, kijana mpole wa Merikit. Ukutani ana ramani yenye alama nyekundu, kila mgonjwa alama yake. Anatafuta ugonjwa umeanzia wapi na umepita wapi. Anamwuliza kila mtu: wiki tano au sita zilizopita ulikuwa wapi, ulikunywa maji ya wapi?

Wote wamemjibu walikuwa nyumbani.

Nani atasema kweli? Ukisema ulipita ile njia umesema magendo, na magendo ni risasi. Kwa hiyo ramani yake ilikuwa kama mtama uliomwagika, alama kila mahali, njia hakuna. Mkubwa wake ameshaamua kwamba ugonjwa umetoka Kenya na maneno yaishe.

Kwenye baraza walikaa askari wawili wenye bunduki. Niliwaona. Mlango ulikuwa wazi.

Nikaomba kalamu. Nikamwonyesha Buhehe, nikaweka alama kubwa pale penye chemchemi, nikavuta mstari mpaka kwa Nabwire. Nikamwambia maji haya nimempelekea mimi, kwa mkono wangu. Nilikiri kosa mbele ya mtu. Sijazoea.

Owori akauliza, na hawa wengine wa Lumino?

Nikasema wote wamekunywa jerikeni yangu. Uongo huo. Wengi walikunywa wenyewe, magunia ya kahawa yakiwa vichwani. Lakini nimejisifu maisha yangu yote bila faida ya mtu, hii moja iwafae.

Akatazama mlango, akashusha sauti. "Mzee, nikiandika hivi, jina lako litakuwa ndani."

"Andika. Ila ile chemchemi izungushieni miiba kesho hiyo hiyo, na watu wachemshe maji."

Akaandika.

Leo nimesikia miiba imewekwa. Nabwire bado amelala, muuguzi anasema tungoje. Ndugu zangu wa ng'ambo ya mpaka wameleta habari nivuke haraka, chumba kipo.

Sivuki. Maji nimempelekea mimi, na uji nitampelekea mimi. Kesho napita barabara kubwa ya Tororo, mchana kweupe, mbele ya kizuizi cha askari. Wakiniuliza naenda wapi, nitawaambia.