Sabufa Zako Bado Zinagonga

Mdogo wangu Elia,

Tangu tukuzike kihambani, katika shamba letu la migomba, mvua haijatuacha hapa Uru, na ukungu hauondoki migombani hadi mchana. Gari lako liko palepale ulipoliegesha, hatua chache kutoka kaburini. Linagonga.

Mkeo ndiye aliyelisikia kwanza, alipokwenda kukata majani ya ng'ombe. Aliniita akasema sabufa, zile spika zako za besi, zinalia. Nilimkatalia kwa ukali, kwa kuwa betri tuliitoa wakati wa matanga na imo sebuleni kwangu. Kisha nikasimama kando ya buti, nikasikia mwenyewe: du, du, taratibu, bati likiitikia.

Mnunuzi wa gari, mtu wa Mabogini, atakuja Jumamosi. Mkeo ananiambia, "Shemeji, likinyamaza nitaliuza. Likigonga siliuzi, maana mwenyewe bado yumo." Hapati usingizi, Elia. Anataka gari liondoke, na anaogopa kukuuza pamoja nalo.

Jana mchana nilifanya kama ulivyonifundisha ulipofunga sabufa hizo. Nilirudisha betri, nikawasha muziki, nikamwaga mchele kidogo juu ya ubao wa nyuma, ule unaofunika buti, ili nione punje zitarukia wapi, yaani wapi pamelegea. Siku ile ya kuzifunga ulinicheka: "Mwalimu, hapa hakuna sarufi. Sikiliza kwa mkono." Ulijilaza ndani ya buti, ukasukuma bati kwa kiganja kutoka chini, mimi nilikaa kiti cha nyuma, nikabonyeza ubao kutoka juu. Viganja vyetu vilipokutana, mlio wa bati ulikufa. Hapo ndipo ulipobandika sponji na kukaza nati.

Jana muziki ulilia kwa nguvu, na punje hazikutikisika hata moja. Ulifanya kazi safi, hakuna kilicholegea. Nikazima, nikachomoa waya wa betri. Ndipo du, du ilipoanza tena, na mchele ukaanza kutembea. Ulijitenga polepole, ukaacha mahali patupu, pana kama mkono. Niliweka kiganja changu hapo.

Kitu kikasukuma kutoka chini.

Mlio ulikoma. Nilipoinua mkono, ukarudi. Nilifungua buti: sabufa mbili, na baridi.

Nilimweleza mkeo yote. Aliangalia migomba. Kisha akasema, "Basi liuzwe, nawe msindikize, shemeji."

Nitakusindikiza. Mnunuzi atajua kila kitu kabla hajashika usukani. Nitakaa kiti cha nyuma, tuteremke tupite Moshi mjini hadi Mabogini kwenye mashamba ya mpunga, na kiganja changu kitakuwa juu ya ubao njia nzima. Nawe weka chako. Tukifika, nitainua mkono wangu. Nakuomba, mdogo wangu, ushushe wako, ili mwanamke huyu apate usingizi.

Kwaheri, Elia. Usiposhusha mkono, sitashuka garini.

Kaka yako