Mbuzi Wako na Mtama wa Mama

Nawoitorong, Lodwar

Kaka yangu Lochakapong,

Ejok. Habari za Lokiriama, za wifi yangu, na za mguu wako uliochomwa na mwiba? Sisi huku miili ni mizima. Moyo wangu ndio umejaa hasira, na namwomba mwalimu Nathan akusomee barua hii yote, asiruke mahali ninapogomba.

Unakumbuka nilikuomba magunia ya mbolea ya mbuzi. Shamba alilonirithisha mama limebaki kipande tu, nyumba za watu zimelibana kila upande. Kulipanua siwezi, basi nikaamua kulitunza lizae zaidi. Nilichimba vishimo ili maji ya mvua yakae, nikapanda mtama na kunde pamoja, nikafunika udongo kwa mabua ya mwaka jana usikauke. Kilichokosekana ni mbolea. Wewe ukaniletea mbuzi!

Apua, kijana uliyemtuma awaswage, alifika nao jioni, amechoka hoi. Alinieleza kwamba ulisema hakuna mwenye akili anayepakia mavi kwenye lori wakati wenye mavi wana miguu. Majirani wanacheka mpaka leo. Mimi sikucheka, kaka. Asubuhi nilikwenda mtoni kuchota maji, Apua bado amelala, mbuzi wakavunja ua wa miiba. Nilirudi nikakuta wamemaliza mtama, punje zingali changa na maziwa, na kunde, na hata yale mabua. Mbolea umeniletea, ni kweli. Imelala pale kwenye shamba tupu.

Nilimfokea Apua, akanijibu kwa upole kwamba mbuzi hajui shamba la nani. Sawa. Lakini wewe unajua. Tangu utoto wetu mifugo ni yako na baba, shamba ni la mama na mimi, na hujawahi hata mara moja kuuliza mtama unaotafuna umetoka wapi. Inaniudhi sana.

Kinachoniuma zaidi ni mbegu. Ule mtama mwekundu wa mama, unaowahi kukomaa kabla jua halijauua, hauuzwi dukani. Wadudu walikuwa wameanza kuingia kwenye kibuyu cha mbegu, nikaipanda yote iliyobaki ili nivune mpya. Sasa kibuyu ni kitupu. Nililia kama siku tuliyomzika.

Hapa Nathan asome polepole. Siku ile ya mazishi ulitukataza kutoa mbegu hiyo nje ya nyumba yetu. Mimi nimeitoa. Kabla ya kupanda nilimpa konzi moja Akuch, yule mama wa Sudan Kusini anayeishi kambini Kakuma, ambaye nilifundishwa pamoja naye kuchimba vishimo. Aliipanda nyuma ya nyumba yake, panapomwagikia maji ya bomba. Jumapili baada ya ibada alinitumia picha. Masuke ni mekundu, yameinama kwa uzito.

Mtama wa mama umebaki hapo tu. Akuch yuko tayari kutugawia, ila nimemwambia asinipe mimi. Utakwenda Kakuma wewe mwenyewe, umwombe kwa heshima, kisha uniletee mkononi. Mpaka siku hiyo mbuzi wako nimewafungia zizini, na mavi yao nayazoa kila asubuhi.

Wape wifi na watoto salamu zangu nyingi. Wao sina ugomvi nao.

Dada yako,
Abei