Koti Lako, Siku ya Kufukuza Mwaka

Baba Sechelela,

Naomba radhi kwa kukaa kimya tangu tulipokuzika. Mchungaji alinishauri nikuandikie mapema, akasema barua hupunguza uzito wa moyo. Sikumtii, kwa sababu sikutaka upunguzwe. Leo naandika kwa sababu nyingine. Kuna jambo letu sisi wawili limepelekwa kwenye kikao cha ukoo, na sioni haki lijadiliwe bila wewe kuarifiwa.

Watu husema umelala, umepumzika, umetutangulia. Mimi nasema umekufa. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi mno, siwezi kuliita jambo kwa jina lisilo lake.

Mvua za kwanza zinakaribia. Mawingu huja juu ya vilima jioni na asubuhi hayapo, kama ilivyo kawaida yake. Jirani yetu Mama Ndahani amekwisha kuianika ngoma yake juani ili ngozi ikaze. Mvua ikinyesha, kesho yake itakuwa Siku ya Kufukuza Mwaka, na mdogo wako Yona amesema nisitoke. Anataka pia nimkabidhi koti lako na fimbo yako.

Ana hoja mbili. Ya kwanza, nguo na fimbo ya marehemu huenda kwa mdogo wake siku ya kuondoa matanga. Ya pili, mjane ambaye matanga yake hayajaondolewa hatangulii ng'ombe, maana ataingiza kifo zizini. "Shemeji, mila ni mila," aliniambia, akiwa ameketi kwenye kiti chako. Nikamwuliza matanga yataondolewa lini. Akasema baada ya mavuno yajayo. Mwanzo alikuwa amesema baada ya Pasaka. Pasaka ikapita, akasema tuvune kwanza. Tulivuna. Mtu anayesogeza siku namna hiyo haheshimu mila, anajificha nyuma yake.

Mwaka jana hatukutoka, kwa kuwa ulikuwa umezikwa karibuni na mtaa mzima ulikuwa msibani. Hilo lilikuwa sahihi. Lakini mwaka huu tukikaa ndani tena, basi imekwisha. Mila ikikosekana miaka miwili, wa tatu huitwa hadithi. Wanawake wanaozijua nyimbo zote tumebaki wachache, na wanaojua kuongoza ni mimi na Mama Ndahani, ambaye magoti yake hayamfikishi mbali.

Unakumbuka siku hiyo ilivyokuwa tulipokuwa watoto? Mimi naikumbuka kwa harufu kwanza, ya vumbi lililolowa. Kabla hapajapambazuka bibi yangu alikuwa amekwisha kumvua babu shuka begani, babu akijifanya amelala. Wanawake wote walitoka wakiwa wamevaa nguo za waume zao, fimbo mkononi, wakafungua mazizi wakaswaga ng'ombe. Wanaume walibaki ndani ya tembe. Siku hiyo wao ndio waliosaga uwele, wakachota maji mtungini, wakasonga ugali na kupika mlenda, na hakuna aliyethubutu kuchungulia nje. Sisi wasichana tulivaa shuka za kaka zetu na kugonga madebe. Kila mwanamke alibeba kigae chenye jivu la meko yake, jivu la mwaka mzima, tukalipeleka hadi mwisho wa mashamba upande jua linakozama, tukalitupa pamoja na maradhi, ugomvi na njaa. Ndipo mbegu iliruhusiwa kuingia ardhini.

Lakini kilichotufanya tuisubiri siku hiyo hakikuwa jivu. Ilikuwa ile jioni, kwenye kurudi. Mwanamke aliyevaa nguo za mume alikuwa mume kweli hadi jua lizame. Aliitwa kwa jina la mume, alisalimiwa kwa jina hilo, na alikuwa na ruhusa ya kusema mlangoni mwa mtu yeyote lile ambalo mume mwenyewe alilimeza mwaka mzima. Hakuna aliyeruhusiwa kukasirika. Ukikasirika, mvua yako utaitafuta kwingine.

Baba yako aliogopwa hata na mbwa. Wewe mdogo ulikuwa umeketi karibu naye ukipepea moto, na yeye alikuwa amemwaga unga wote chunguni kwa mara moja. Bibi yangu akasimama mlangoni amevaa shuka ya babu, akakohoa kikohozi cha babu, akauliza, "Mama, ugali bado?" Baba yako akajibu kwa sauti ya chini, "Bado kidogo, baba." Bibi akaonja. Akatafuna muda mrefu, huku sisi watoto tumejazana nyuma yake. Kisha akatangaza, "Mwanamke huyu hakufundwa. Mrudisheni kwao." Baba yako alicheka hata akashika nguzo ya nyumba. Uliniambia baadaye, tulipokuwa wachumba, kuwa mpaka siku ile hukujua kama baba yako ana magego.

Ndiyo sababu sikukubali ilipokuja hoja ya kuipeleka siku hiyo mjini. Sijakueleza. Kijana mmoja mwandaaji wa matamasha alikuja akanikuta napepeta, akasema, "Bibi, shikamoo. Tunawaomba mje mtumbuize wageni. Dakika kumi zinatosha, na mwezi wowote tu." Nikamwuliza ng'ombe watapandia ngazi gani kufika jukwaani. Akasema ng'ombe hawahitajiki. Nikamwuliza na wanaume wetu watapikia wapi. Akacheka, akadhani namtania. Nikampa maji ya kunywa, nikamsindikiza hadi barabarani.

Sikatai kwamba mambo yamebadilika. Hapa Nzuguni mashamba yamekuwa viwanja na viwanja vimekuwa kuta. Ng'ombe waliobaki mtaani wanatoka zizi moja, nao huogopa pikipiki. Huko jua linakozama sasa ni mji wenyewe, na vijana hututania kwamba tunawapelekea waheshimiwa wa Bunge jivu letu. Sijawakanusha. Tutapita kwenye lami, tutapita mbele ya mageti, na atakayetaka kupiga honi apige. Mama Ndahani amesema ngoma yake ina sauti kuliko honi yoyote aliyowahi kuisikia, na hilo mimi ni shahidi, maana nimeishi karibu nayo.

Sasa nirudi kwa Yona, kwa kuwa yeye ndiye shida yangu.

Nimetafakari kwa nini mtu ambaye hajawahi kuonekana akipika hata chai siku hiyo, akikimbilia Kibaigwa kila mwaka eti kuna lori la mahindi, ghafla amekuwa mlinzi wa mila. Nimepata jibu. Haogopi mjane. Anakuogopa wewe. Anajua nitavaa koti lako la kaki, lile la kazi ya ubwana mifugo, na nikishalivaa nitaitwa kwa jina lako, Mika. Anajua pia kuwa njia yetu ya kurudi inapita mlangoni kwake.

Uliugua kiangazi kizima. Kati ya kitanda chako na nyumba ya mdogo wako ulikuwepo ukuta mmoja wa matofali, na kila jioni tulisikia redio yake. Hakuja. Alikuwa akimtuma mtoto aulize, "Baba mkubwa anaendeleaje?" na wewe ulimjibu mtoto kwa upole, "Mwambie nipo." Kila ulipojibu hivyo ulitazama mlango baada ya mtoto kutoka. Ulidhani sioni. Hukunilalamikia hata siku moja. Uliponiona nimekasirika ulisema, "Mwache, anaogopa wagonjwa tangu utotoni." Lakini ulitazama mlango.

Halafu asubuhi ile nilipokuwa nakunyoa ndevu, ulinishika mkono wenye wembe ukasema, "Mvua ikikuta sipo, univae vizuri." Nilikukemea. Nilikwambia usinisemeshe nikiwa na wembe. Ukacheka kidogo, nikaendelea kunyoa, na nilipomaliza niliuosha wembe kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Maneno hayo hayana shahidi mwingine. Nimewaambia wazee wa ukoo, wakanitazama kama wanavyomtazama mjane anayetaka kitu. Yona akasema, "Kaka hakuniachia maneno hayo mimi." Nikamjibu kwamba angekuja angeyasikia. Hapo kikao kikaahirishwa hadi Jumapili baada ya ibada.

Binti yetu Sechelela ananiombea amani. Alinipigia simu akasema, "Mama, mpe tu hilo koti, nitakununulia jingine zuri la baridi." Nilimwambia kwamba siumwi na baridi. Kisha akauliza kwa sauti nyingine, sauti aliyokuwa nayo akiwa darasani kwangu, kama bado nakumbuka mwaka niliokuwa wewe nikajibu "tutaona" kwa kila mtu kutwa nzima. Nilimwambia nakumbuka. Niliulizwa ng'ombe watapita wapi, tutaona. Niliulizwa mke wangu ana jina gani, tutaona. Watu walilala chini kwa kucheka, na wewe ulikuwa ndani umeshika mwiko, unasikia yote. Ulikaa wiki nzima bila kulitumia neno hilo. Sechelela alicheka simuni mpaka akalia, nami nikamwacha alie, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuanza.

Siku ya kikao nitasimama na kusema hivi, na nimeyapanga maneno yangu. Mila inasema mjane hatangulii ng'ombe. Nakubali. Mila hiyohiyo inasema siku ile aliyevaa koti ndiye mwenye koti. Basi mbele ya ng'ombe hatakuwapo mjane, atakuwapo Mika. Wakitaka kumzuia Mika asitembee kwenye mtaa alioujenga, wasimame wao wenyewe wamzuie. Matanga waondoe hata kesho, nguo nyingine zote Yona achukue, pamoja na viatu, ingawa havitamtosha. Fimbo nitampa mkononi jua likishazama siku hiyo. Koti sitoi.

Linalonisumbua ni jambo jingine, na ndilo nililotaka kukuuliza. Nikifika mlangoni kwa Yona niseme nini? Mama Ndahani anasema nisimame pale nimtolee yote: redio, ukuta, mtoto wa kutumwa. Haki hiyo ninayo, na mtaa mzima utakuwa nyuma yangu. Usiku wa kiangazi kile niliyaandaa maneno makali, yamenyooka, hayana kosa hata moja. Lakini hayo ni maneno yangu. Nikishavaa koti sina ruhusa ya kusema yangu, nasema yako. Na yako nayajua. Juzi nimelivaa peke yangu chumbani, nikafunga vifungo vyote kama ulivyofunga, nikajaribu kumlaani mdogo wako kwa sauti yako. Laana haikutoka. Kilichotoka ni "Mbona hukuja?" tu, tena kwa upole, na nilikasirika kwa kuwa ni kweli hivyo ndivyo ungemwuliza.

Huenda ndilo analoliogopa. Laana angeivumilia.

Basi hali ndiyo hiyo. Mimi sijambo. Kisukari kinatii. Kaburi lako tumelipalilia, na lile jiwe la kichwani limesimama wima, nimelipima mwenyewe kwa kamba. Kaa salama huko uliko, nami nitajitahidi kukaa imara huku niliko.

Kikao kikishaamua, nitakuandikia uamuzi wao kama ulivyotamkwa, bila kuongeza wala kupunguza. Wakikubali, nitakuandikia Jumapili hiyohiyo. Wakikataa, utangoja kidogo, maana mvua itakuwa imekaribia na ng'ombe hawa wa siku hizi, hata akiwatangulia Mika, hawaendi kwa haraka.

Mkeo,
Mama Sechelela